Akoth na Siku Zake za Polepole

Gitothua,
S.L.P. 318,
Ruiru.

Jumapili, 20 Agosti 1995

Kwa mpendwa wifi yangu Mwongeli,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi wifi yako Awiti, na kutoka kwa Dalmas baba Byron na watoto wote. Unaendeleaje huko Voi? Na kaka yangu Abuya, ule mgongo wake umepoa ama bado anajifanya kijana kila gari la moshi likifika na mizigo? Mwambie dada yake amesema apunguze kubeba. Najua hatasikia, lakini mwambie tu.

Sisi huku tu wazima, ila baridi imetuonyesha. Julai yote hatukuona jua, ni manyunyu asubuhi na manyunyu jioni. Dalmas alikohoa mpaka majirani wakawa wanamuuliza hali kabla ya kumsalimia. Sasa amepata nafuu na amerudi kwa zamu yake pale kiwandani. Mimi niko sawa. Mitumba inauzika, hasa masweta, kwa hiyo baridi nayo siwezi kuitukana sana.

Barua yako niliipata na nikaisoma mara mbili. Umeniuliza jambo ambalo halijibiwi kwa mistari miwili, ndio sababu nimengoja nikapata Jumapili tulivu. Umesema mwalimu wa Amondi wako anawakimbiza kila siku mpaka mtoto anatapika, na anasema mabingwa wote wanafanya hivyo, hata yule binamu yake wa Ruiru. Kwanza nimefurahi kusikia kwamba jina la Akoth wangu limefika Voi. Lakini kabla hujamwachia Amondi aendelee, ngoja nikueleze vile mambo yalivyokuwa hapa kwangu.

Wewe unamjua Akoth alivyo. Tangu darasa la sita hakuna msichana wa shule yake aliyemwona usoni wakati wa mbio, walikuwa wanaona mgongo tu. Huku Gitothua siitwi tena mama Byron, naitwa mama wa yule msichana wa mbio, na Byron hata hakasiriki. Sokoni nikipanga nguo zangu wateja wananiuliza anakula nini. Mimi nawaambia anakula ugali kama watu, ni damu tu. Na damu hiyo si ya kina Dalmas, hilo uliandike mahali.

Alimaliza kidato cha nne, alama hazikutosha kumpeleka mbele. Hapo ndipo maneno yakaanza. Kuna kampuni moja huko Thika iliyo na timu ya mbio, na walitangaza kwamba Agosti watafanya mtihani wa mbio na kuchukua wasichana wawili tu. Ukichukuliwa unapewa kazi, unapewa pahali pa kulala, na unakimbia. Dalmas akasema vizuri, ajaribu. Lakini akikosa, Septemba anapanda basi kwenda Kisumu kwa shangazi yake kujifunza kushona. Akoth na sindano, wifi, ni kama mimi na Kifaransa. Hakubishana na baba yake, lakini nilimwona uso ulivyobadilika. Kuanzia siku hiyo alikuwa anakimbia kama mtu anayefukuzwa.

Kocha wake ni Kang'ethe, mzee aliyekuwa jeshini, ambaye ana kikundi cha vijana kule mashamba ya kahawa ya Mugutha. Mazoezi yake ni makali kila siku. Leo mlima, kesho mlima ule ule na mwendo wa juu zaidi. Akoth alikuwa anarudi, anajitupa kwa kiti, hawezi hata kushika kikombe. Dalmas akimwona hivyo anafurahi kabisa. Yeye miaka yake yote kiwandani amezoea kwamba ukitoka kazini na nguvu bado, basi kuna mtu atauliza ulikuwa umejificha wapi.

Sasa linganisha na Byron wangu. Byron naye ni mtu wa baiskeli, wa kushindana, si wa kubeba mzigo. Yuko na klabu ya Mwalimu Bedan, anayefundisha shule ya msingi huku Ruiru. Hao wanatoka Jumamosi asubuhi, wanaenda zao Juja, wanazunguka Mang'u, wanarudi saa nane wakiwa wanacheka, na hadithi zao ni za ndizi walizokula njiani. Siku za katikati ni vivyo hivyo, mwendo wa kupiga gumzo. Akoth akawa anamwuliza kama ameshapeleka baiskeli malishoni. Dalmas naye akasema kijana amepata njia ya kutembea na kuiita kazi.

Lakini kulikuwa na siku moja au mbili kwa wiki, Mwalimu Bedan akiwapeleka kwenye kilima, na hapo Byron alikuwa anarudi macho mekundu, hasemi neno mpaka amalize sufuria. Halafu mashindano yakija anashinda. Kwenye yale ya kwenda Murang'a na kurudi aliwaacha watu wazima walio na baiskeli za bei. Mimi nilikuwa nakaa nikijiuliza, huyu mvivu anashindaje?

Sasa sehemu inayofuata nakuandikia wewe peke yako. Kaka Abuya akisoma barua, aruke mpaka chini.

Mwezi wa Mei, Akoth akaanza kubadilika. Halali vizuri. Ukimwambia lete chumvi, analia. Mbio zenyewe zikarudi nyuma, wasichana aliokuwa anawapita wakawa wanampita. Kang'ethe akasema ni uzembe, akamwongezea mlima. Mimi kwa jicho la mama nikagundua kitu kingine. Akoth hakuwa ameniomba pamba ya kila mwezi tangu Machi.

Wifi, nilikaa kitandani mwangu nikawaza. Mtihani wa Thika uko mlangoni, jina limeenea soko zima, halafu hili. Nikamwita chumbani, nikafunga mlango.

“Ni nani?” nikamwuliza.

“Nani nini, mama?”

“Usinizungushe. Nani amekupa mimba?”

Alinitazama kama asiyejua nimeongea lugha gani. Akacheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kilio. “Mama,” akaniambia, “hizo nguvu za mvulana ningezitoa wapi?”

Hata hivyo nilimpeleka zahanati kesho yake, maana mama haamini mpaka aambiwe. Nesi alimpima, akatoka akasema hakuna mtoto hapa. Akamwangalia mikono, akamwangalia macho, akamwangalia chini ya kope. Halafu akanigeukia mimi.

“Huyu msichana anapumzika siku gani?”

Nikajibu haraka kwamba Jumapili. Akoth akainamisha kichwa, akasema Jumapili baada ya kanisa anakimbia na wavulana. Nesi hakutugombeza. Alituambia tu kwamba mwili wa mwanamke ukikosa cha kutumia unafunga vyumba, na cha kwanza kufungwa ni hicho cha uzazi. Akasema apumzike kabisa kwa muda, ale vizuri, na akianza tena asianze vile alivyoacha.

Nilipomweleza Dalmas, alihesabu miezi kwa vidole. Halafu akasema mtihani ni Agosti, je, huu ndio wakati wa kulala? Nikamwambia kama anataka kupeleka Thika mtoto mzima ama mifupa, achague.

Basi Akoth akapumzika, na ile pamba akaniomba tena mwezi wa Juni mwishoni. Nilimpa nikiimba. Hapo Akoth mwenyewe akaanza kumtazama Byron kwa njia nyingine. Akamwuliza wanafanyaje. Byron akamweleza, siku nyingi polepole, chache kwa nguvu. Akoth akasema sawa, nami nitafanya kama wewe. Na hapa ndipo wakakosea, wote wawili, na mimi nikiwa nimesimama mlangoni nawapungia mkono.

Kwa sababu Byron anatoka asubuhi na kurudi saa nane, Akoth naye akatoka asubuhi na kurudi saa nane. Yeye kwa miguu, kando ya baiskeli, mwendo wa kupiga gumzo kama walivyoambiana. Mwendo ulikuwa mwepesi kweli. Lakini alirudi akichechemea, ule mfupa wa mbele wa mguu, muundi, umevimba, ukigusa anaruka. Byron alikuwa amemfuta vumbi kwa shati lake, maskini, alidhani itasaidia.

Mwalimu Bedan aliposikia alikuja nyumbani mwenyewe. Akasema baiskeli inakubeba. Unakaa, miguu inazunguka, hakuna pahali inagonga. Anayekimbia anadondokea mguu wake kila hatua, na hata akienda polepole bado anadondoka. Akasema Byron angempa dada yake ule wepesi, si yale masaa.

Wakati bado anakunywa chai, Kang'ethe naye akabisha hodi. Alikuwa amekuja kuuliza mkimbiaji wake yuko wapi. Wifi, nilikuwa na makocha wawili kwa sebule yangu, kila mmoja na kikombe chake. Ningekuwa na kamera ningepiga picha.

“Mwalimu,” Kang'ethe akasema, “watu wako wana mteremko. Mtu anashuka akila ndizi. Mguu hauna mteremko.”

“Ndiyo maana nasema mguu unataka kupumzishwa kuliko gurudumu,” Bedan akamjibu.

“Na usipomzoesha maumivu, siku ya mbio atayajulia wapi?”

Bedan akakubali kwamba hapo amesema kweli. Akasema hata vijana wake bila kile kilima wangekuwa watalii. Kang'ethe akaendelea kukoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. Akasema amelea wakimbiaji kwa njia yake, na wengine wamefika mbali, na majina akayataja.

Mimi unajua siwezi kunyamaza sana. Nikamwuliza, wale wasichana wengine walioanza na Akoth kule Mugutha wako wapi siku hizi? Akawaza. Mmoja ni goti. Mwingine aliolewa. Wa tatu hakumbuki, aliacha tu. Nikaenda kuongeza chai. Lakini wifi, nimefikiria sana juu ya hilo. Ukiwaendesha watu kwa nguvu kila siku, watakaobaki ni wale wa chuma, halafu utasema njia yako inatengeneza chuma. Wale waliovunjika hawaji kukutembelea. Na sisemi Kang'ethe ni mtu mbaya. Anawapenda hao watoto, na ndiye anayewakimbilia na maji.

Mwisho wakapatana, si kwa maneno mengi. Mguu ukipona, siku mbili kwa wiki ni za Kang'ethe na mlima wake, na hapo asimhurumie. Siku zingine ni polepole kweli kweli, na fupi, na moja ni ya kukaa tu. Kang'ethe akasema atajaribu hivyo na Akoth peke yake, aone.

Shida ikawa Akoth mwenyewe. Huyu mtoto wangu hajui polepole. Akiona mtu mbele, hata kama ni mama mzee na kuni zake, lazima ampite. Byron alipomfuata na baiskeli ili amzuie, wakaanza kushindana. Mwalimu Bedan alikuwa amesema mwendo mwepesi ni ule ambao mtu anaweza kuongea bila kukatika. Lakini Akoth ni msema uongo wa pumzi. Anakujibu “ndiyo, mama,” “sawa, mama,” maneno mafupi, kumbe kifua kinawaka.

Hapo mimi Awiti nikapata akili yangu. Niko kwaya, wewe unajua, sauti ya pili, mwaka wa kumi sasa. Mtu anaweza kudanganya kwa kuongea, lakini kwa wimbo hawezi. Ule mstari mrefu ukifika, kama huna pumzi unaonekana. Nikamwambia Byron anibebe kwa keria, kile kibebeo cha nyuma ya baiskeli.

Sasa fikiria hiyo picha. Mimi na mwili wangu huu, nimekaa upande kwa baiskeli ya mashindano iliyofungwa keria ya kuazima, Byron anakanyaga, Akoth anakimbia kando, na sisi watatu tunaimba nyimbo za kwaya katikati ya kahawa. Akoth akimeza neno, nampiga Byron mgongoni, tunapunguza. Wachuma kahawa waliacha ndoo zao. Mmoja akauliza huyu mama anapelekwa hospitali gani. Nikamwambia hapana, nafundisha sauti ya kwanza.

Kitu nilichojifunza hapo juu ya keria ni hiki. Barabara ni moja, mwendo ni mmoja, lakini Akoth alikuwa anapumzika na Byron alikuwa anakufa. Alisema mimi ndiye kilima chake. Ikabidi tupange siku zangu za keria ziwe zile siku zake ngumu, la sivyo tungempoteza yeye kwa kumponya dada yake. Kwa hiyo mtu akikwambia kitu fulani ni kizito au chepesi, muulize, kwa nani? Wakati mwingine nikipanga nguo nawaza kwamba nimewalea hawa wawili kwa kipimo kimoja tangu wakiwa wadogo, na labda hata hapo kulikuwa na mmoja aliyekuwa anabeba mzigo mimi nikimwona anatembea.

Haya, twende Thika. Mtihani ulikuwa Jumamosi ya tarehe 12. Dalmas aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakulifanya hata Byron alipozaliwa. Tulikaa upande wa jua, mimi na yeye na Byron. Kang'ethe alikuwa chini na saa yake ya kupimia. Mbio ni mita elfu tano, mizunguko kumi na miwili na nusu, na wasichana walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Wengine wametoka mbali, wana raba mpya na makocha wa kofia. Akoth alikuwa na raba nilizomchagulia mimi mwenyewe kwa mitumba, na hazikuwa na aibu.

Walipoanza, wakatoka kama maji yamefunguliwa. Akoth alikuwa nyuma, karibu na mkia. Mizunguko ikaenda, bado nyuma. Dalmas akanigeukia.

“Umeona sasa? Mmemfundisha kutembea.”

Nilikuwa naliona basi la Kisumu na sanduku la Akoth juu.

Halafu wale waliotoka mbio wakaanza kulegea, mmoja mmoja, na Akoth hakuwa ameongeza wala kupunguza. Alikuwa anawachuma tu. Ilipogongwa kengele ya mwisho alikuwa wa tano. Mzunguko wa mwisho akafungua, wifi, nilisimama nikapanda juu ya kiti. Akampita mmoja, akampita mwingine. Mwili wote ulikuwa unataka kwenda. Sijamwona akikimbia hivyo tangu azaliwe, na nimemwona akikimbia sana.

Alimaliza wa tatu. Wawili wa mbele hakuwafikia, ingawa yule wa pili aligeuka kumtazama, na mtu hageuki kama haogopi.

Wa tatu kati ya wasichana wote hao, Mwongeli. Mwezi wa tano alikuwa hawezi kushika kikombe. Nimewaambia soko zima na sasa nakuambia wewe. Lakini kampuni ilitaka wawili, na iliwachukua hao wawili. Akoth alivaa sweta yake, akaja akasimama mbele ya baba yake. Hakulia. Alisema, “Basi nitaenda Kisumu, baba.”

Kang'ethe alikuwa amepanda kutufuata. Akamwonyesha Dalmas ile saa, akamwambia huyu msichana hajawahi kukimbia hivi hata siku moja, si kabla ya kuumia, si wakati wowote. Halafu akasema, taratibu, kwamba ile njia ya polepole ataijaribu na wengine pia. Alisema akitazama uwanjani, kama mtu anayeongea na nyasi.

Dalmas alishika ile saa muda. Mimi nimeishi na huyo mtu, najua akiwa anapigana na neno ndani ya mdomo. Akamrudishia Kang'ethe. Akamwangalia binti yake kuanzia kichwani mpaka kwa zile raba.

“Wakati ule ulikuwa unachoka tu,” akamwambia. “Mimi nilidhani huko ndiko kukimbia. Leo nimekuona ukikimbia.”

Akoth akangoja. Sisi sote tukangoja.

“Kushona hakutoroki. Kimbia kwanza.”

Hivyo ndivyo ilivyo, wifi. Hana kazi, hana kampuni, ana mwaka mmoja mwingine chini ya mabati yangu na sahani yake mezani, na baba yake ndiye aliyemwambia shangazi wa Kisumu asimngojee. Wiki hii yote amepumzika. Jana Dalmas ndiye aliyemzuia mlangoni alipojaribu kutoroka na raba mkononi.

Kwa hiyo, kuhusu Amondi. Sijui mlima wa Voi ukoje na simjui mwalimu wake. Labda ni mtu mzuri. Mwulize siku ambazo mtoto anapumzika, na asipoweza kukutajia hata moja, usingoje. Na wewe mwenyewe, mfuatilie zile habari nyingine za wasichana, kimya kimya, kabla hujamwita chumbani na kumwuliza ni nani kama nilivyofanya mimi. Kama anapenda mbio usimkataze. Mwalimu amwachie siku chache ngumu, aziume kabisa, na hizo zingine aende mwendo wa mtu anayeenda kumsalimia shangazi yake.

Wasalimie sana kaka Abuya na Amondi mwenyewe, na mama yako mkiwasiliana naye. Byron anakusalimu na anauliza kama Voi kuna barabara ya kushindania baiskeli. Dalmas amesema nikuandikie salamu zake mbili, hakueleza ya pili ni ya nini. Akoth amesema nimwambie Amondi kwamba binamu yake hatapiki.

Mungu awafunike hapo mlipo, awape mvua yenu kwa wakati, na akuongoze mkono wako juu ya huyo mtoto.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda bila kupungua,

Awiti, mama Byron na Akoth